Binamu Kiazi

Verlene alilinusa shati kwenye makwapa, kwanza la kulia, kisha la kushoto, halafu akalilaza tena juu ya meza ya kupigia pasi.

"Estill," alisema bila kugeuka. "Jumamosi mlipiga maonyesho mangapi?"

"Mawili. La mchana na la jioni."

"Chini ya zile taa ulizoniambia?"

"Chini ya taa zilezile."

"Na shati linanukia sabuni."

Estill Amburgey alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifunga kamba za viatu vyake vyeusi. Akasema ule ukumbi una kiyoyozi kikali, mtu hatoki jasho. Mkewe alibonyeza pasi kwenye kola, akairudia mara ya pili, kisha akalitundika shati kwenye henga pamoja na suti ya kijivu na tai.

Ilikuwa Alhamisi ya pili ya Oktoba. Tangu mwezi wa tano, kaunti ilipofuta fungu la muziki mashuleni na kumwacha bila kazi, Estill alikuwa akivuka milima kutoka Kentucky kwenda upande wa Tennessee siku tatu kila wiki, kuwapigia watalii banjo. Nyumbani aliwaambia ni bendi ya watu watano, suti za kijivu, kofia, maikrofoni moja katikati, muziki wa milimani uitwao bluegrass, kama unavyostahili kupigwa. Watu watano walikuwepo, na banjo ilikuwepo. Mengine yote aliyatunga mwenyewe, tena aliyatunga vizuri, hata majirani akina Caudill walipomwona akipita na gari lake la mizigo amevaa tai walimpungia mkono wakiwa wamekaa barazani.

Kabla ya kushika njia alivuka kijito kumpelekea mama yake mayai. Bi Orphia, mwenye miaka themanini na mmoja, ndiye aliyemfundisha banjo kabla hajajua kusoma, na hadi leo walifundisha pamoja kila Jumanne, yeye na mwanawe, watoto sita kwenye sebule yake ndogo. Alimkuta mezani hajavaa meno. Meno ya bandia aliyavaa kwa ajili ya wageni, na mwanawe hakuwa mgeni.

"Lini utanipeleka nikakusikie?"

"Ni mbali, Mama. Saa mbili na nusu, kona tupu. Mgongo wako hautaweza."

"Mgongo wangu hujawahi kuuliza." Aliyakagua mayai moja moja kutafuta nyufa. "Bado unapiga kama nilivyokufundisha, au umeshaanza mbwembwe?"

"Kama ulivyonifundisha."

"Na watu wanapiga makofi?"

"Wanapiga, Mama."

"Basi," alisema Bi Orphia, akatabasamu kwa ufizi mtupu. "Nenda usichelewe."

Ukumbi uliitwa Kwa Kina Kiazi. Mbele ya mlango palikuwa na sanamu ya nguruwe aliyevalishwa kofia ya majani, na watalii walipiga foleni kupigwa naye picha kabla ya kuingia kula kwa mikono kuku wa kukaanga, mahindi ya kuchemsha na mikate ya siagi. Chakula na mchezo, vyote kwa tiketi moja.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo Estill alitundika suti yake kabatini, ikiwa kama ilivyotoka chini ya pasi. Akavaa suruali ya kazi yenye mkanda mmoja wa begani, iliyokatwa magotini kwa mkasi ili ionekane imeraruka. Akajifunga kamba kiunoni. Akavaa kofia yenye tundu. Mwisho akachukua nta nyeusi na kupaka meno mawili ya mbele, hadi kwenye kioo yakaonekana kama hayapo. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na meno yake yote.

Hapo ndipo alipogeuka kuwa Binamu Kiazi, mjinga wa familia. Kiongozi wa mchezo, Mjomba Kiazi, alikuwa kijana wa Florida aitwaye Brett Kessler, ambaye lafudhi ya milimani aliipata kwenye televisheni. Katika wiki ya kwanza meneja, Bi Pam Lowder, alimvuta Estill pembeni.

"Vuta maneno zaidi," alimwambia. "Watu wamelipa kumsikia mtu wa milimani."

"Mimi ni mtu wa milimani."

"Najua, mpenzi. Lakini haisikiki. Msikilize Brett anavyofanya."

Basi alijifunza kutoka kwa Brett namna ya kuongea kama watu wa kwao.

Kila onyesho lilikuwa na nyimbo nne za kweli. Katika hizo nne taa zilipungua, vidole vikaenda vilivyojua kwenda, na watalii wakaacha kutafuna. Kwa ajili ya nyimbo hizo nne alivumilia yaliyobaki. Angalau hivyo ndivyo alivyojiambia njiani, katika zile kona.

Jumamosi mchana, baada ya wimbo wa pili, Brett alishuka jukwaani kwenda kumtafuta Mama Kiazi. Ilikuwa sehemu watu waliyoipenda kuliko zote. Alichagua kikongwe yeyote miongoni mwa wageni, akampandisha jukwaani, akamvika kofia ya kitambaa ya kufungia kidevuni, akampa na kiko cha gunzi la mhindi, kisha akamuuliza maswali ya kuchekesha. Estill wakati huo alitakiwa kukaa kwenye kiti cha miguu mitatu, kofia usoni, akikoroma.

Alisikia hatua zikipanda ngazi, za Brett na za mtu mwingine, polepole, hatua moja kisha kupumzika.

"Taratibu, bibi, taratibu. Mabibi na mabwana, mama yetu karudi kutoka zizini."

Kicheko. Estill akainua kofia kama alivyotakiwa, akajikuna tumbo, akafungua mdomo kupiga mwayo ili yale meno meusi yaonekane. Mbele yake, katika gauni la bluu la kanisani, mkoba ukining'inia mkononi, alisimama mama yake.

Mdomo ulibaki wazi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi. Nyuma ya bega la Bi Orphia, kwenye meza ya tatu, alimwona Verlene. Alimwona Mchungaji Hobert na wazee wa kanisa saba au wanane. Alimwona bibi wa Josie Caudill, na Josie mwenyewe, mtoto wa miaka kumi aliyemfundisha juzi Jumanne, ameshika paja la kuku hewani.

Brett alimfunga Bi Orphia kofia kidevuni. "Mama Kiazi, hebu waambie wageni. Umebakiwa na meno mangapi?"

"Yote ninayo," alisema Bi Orphia. "Niliyalipia."

Ukumbi uliangua kicheko. Brett alifurahi, maana wengi wa wale vikongwe hujichekea tu. Akamshika mkono akamsogeza hadi mbele ya kile kiti.

"Na huyu hapa? Huyu Binamu Kiazi, mwanao. Ulimzaa, au ulimwokota kwa nguruwe?"

Bi Orphia alimtazama. Alianza na ile kamba ya kiunoni, akapanda polepole mpaka kwenye kofia yenye tundu, akarudi kwenye mdomo. Estill naye alimtazama. Macho yake yalikuwa yakimwomba kitu, na mtu yeyote aliyemjua angekiona.

"Simfahamu mtu huyu," alisema Bi Orphia.

Hapo watu walipiga meza kwa vicheko. Mwanamume mmoja aliyekaa mbele alilazimika kujifuta macho kwa kitambaa cha kulia.

"Hata mama yake anamkana," alipaza sauti Brett. "Haya, Kiazi, mpigie mama kitu labda atakukumbuka."

Kwenye mchezo ule, sasa Binamu Kiazi huchukua banjo mbovu yenye nyuzi zilizolegezwa, akaipiga vibaya, kisha kiti kikavunjika naye akaanguka chali. Estill aliichukua ile banjo. Mama yake alikuwa amesimama hatua mbili tu, kiko mkononi, kichwa ameinamisha upande kidogo, kama alivyofanya siku zote mwanafunzi anapoanza kupiga. Aliipiga vibaya. Aliipiga vibaya kwa muda uleule uliopangwa, asipunguze hata kidogo, kisha akasukuma kiti kwa kisigino na kuanguka kwenye mbao kwa bega la kushoto.

Walipomrudisha Bi Orphia mezani walimpa zawadi ya kibebeo cha funguo chenye kiazi cha plastiki.

Basi la kanisa lilikuwa likiunguruma kwenye maegesho. Estill alitoka mbio bila kubadili nguo, akifuta nta kwenye meno kwa kidole. Mchungaji Hobert alimpokea mkono akaushika muda mrefu kupita kawaida.

"Ndugu Estill, umetuchekesha kweli leo."

"Asante, Mchungaji."

"Sikujua kama una kipaji cha namna ile. Na zile nyimbo nyingine, za haraka haraka, nazo zilikuwa nzuri sana."

Wazee walimpa mkono mmoja mmoja wakipanda. Hakuna aliyemsema. Mmoja alimwambia chakula kilikuwa kingi. Mwingine alimpongeza kwa kupata kazi yenye paa siku hizi. Josie alipita akiangalia meno yake, na bibi yake akamvuta mkono. Bi Orphia alikuwa ameshakaa, dirisha la upande wa pili, uso mbele.

"Njoo turudi na gari," Estill alimwambia Verlene.

"Una onyesho la jioni."

"Najua. Unisubiri."

"Nitarudi na basi," alisema Verlene. "Na mama yako."

Asubuhi ya Jumapili alimkuta Verlene jikoni akikoroga mchuzi wa unga na maziwa. Alimwekea sahani, akakaa upande wa pili wa meza, yeye asile.

"Nilidhani ni mwanamke," alisema.

Estill aliweka uma chini.

"Miezi mitano shati linatoka kama lilivyokwenda. Mtu anayevua shati kabla ya kutoka jasho anavulia wapi? Nikamwambia Mchungaji, safari ya wazee mwaka huu tusiende bwawani, twende tukamsikie Estill. Mama yako nilimchukua kwa sababu niliogopa kwenda kuliona hilo peke yangu." Alikunja kitambaa cha jikoni, akakikunjua. "Njia nzima nilikuwa naomba asiwe mwanamke. Halafu ukafungua mdomo pale jukwaani, nikatamani angekuwa mwanamke. Mwanamke ningejua pa kuanzia."

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

Estill aliisukuma sahani mbele kidogo. "Ungesema niache," alisema mwishowe.

"Ningesema."

"Na sindano zako za sukari? Dola tisini kwa onyesho, Verlene. Hapa kwetu nani ananipa dola tisini? Wale watoto sita wanalipa kwa mahindi ya kopo."

"Usizisingizie sindano zangu." Hakupandisha sauti. "Ungeniambia kwanza, halafu tuzungumze sindano. Wewe umeniacha nipige pasi suti ya uongo tangu mwezi wa tano, nikikulazia kola vizuri ili watu wasikucheke."

Kanisani Estill hakwenda. Verlene alikwenda, akarudi na sufuria ya maharage na keki ya tufaha ambazo watu walimpa, kama wanavyowapa wafiwa.

Jumanne Estill alivuka kijito mapema kabla ya wanafunzi. Bi Orphia alikuwa ameshavaa meno na kupanga viti. Wazazi wawili walikuwa wamepiga simu kusema watoto wao wana mafua. Alimweleza hivyo bila kuongeza kitu, akaendelea kukaza nyuzi za banjo moja baada ya nyingine, sikio karibu na ngozi iliyowambwa juu yake.

"Mama," alisema Estill. "Kwa nini ulisema hunifahamu?"

Bi Orphia aligonga uzi, akausikiliza, akaukaza kidogo.

"Uliniangalia vile," alisema. "Nikadhani ndivyo ulivyotaka."

Estill alitaka kusema hapana. Maneno yalifika kwenye ulimi, lakini alikuwa amekaa kwenye kiti kilekile alichokalia akiwa mtoto wa miaka minne, na mbele ya mama yake hakuweza kulitoa neno ambalo wote wawili walijua si la kweli.

"Watu mia tatu walikuwa mle," alisema Bi Orphia. "Ungepata aibu mara mbili. Nikasema angalau moja niipunguze." Akaenda kwenye uzi uliofuata. "Yule kijana anayekuongoza, lile gitaa analopiga ni la bure kabisa. Ana mikono kama ya karani wa benki."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi Estill kutaka kucheka, na hakuweza. Mlango ukagongwa. Josie aliingia na banjo yake, akasalimia, akaenda kukaa kiti cha mbali na chake.

Alhamisi alivaa shati la kawaida na suruali ya jinzi, akaondoka. Verlene hakumuuliza kama anakwenda kuacha kazi au kuifanya. Mwenyewe hakujua mpaka alipoegesha gari.

Bi Pam alimwahi mlangoni akiwa na tabasamu.

"Yule kikongwe wa Jumamosi," alisema. "Yule wa 'simfahamu mtu huyu'. Wageni wa meza zote wamezungumza hayo hadi kuondoka. Nimeongea na Brett, tunaiweka kwenye mchezo moja kwa moja. Kila Mama Kiazi tutamnong'oneza aseme hivyo hivyo. Wewe unabaki na ule uso wako, ule uliofanya siku ile. Sijui uliutoa wapi, lakini uukumbuke."

"Siwezi," alisema Estill.

"Huwezi nini?"

"Yule ni mama yangu."

Bi Pam alicheka, kisha akaona yeye hacheki. "Mama yako wa kukuzaa?"

"Anaitwa Orphia Amburgey. Ndiye aliyenifundisha banjo."

Bi Pam hakuwa mtu mbaya. Aliweka mkono kifuani, akasema pole, akasema kama angejua angempa meza ya bure. Kisha akaanza kufikiri, na Estill akaona anavyofikiri, maana alikuwa ameshamzoea.

"Lakini, mpenzi, mimi nina ukumbi wa kuchekesha hadi Mwaka Mpya. Pale pamekuwa sehemu bora ya mchezo wote. Nikiitoa, naweka nini?"

Hapo ndipo angeweza kutoka. Ufunguo wa gari ulikuwa mfukoni. Alifikiria dola tisini mara maonyesho matano ya wiki, akafikiria kisanduku kilichokaa kwenye mlango wa friji na sindano zilizobaki ndani yake, akafikiria Verlene akisema usizisingizie sindano zangu. Alijua pia, na hili hakumwambia mtu, kwamba alizitaka zile nyimbo nne. Kwao hapakuwa tena na mahali pa kuzipigia.

"Nitaanguka mara mbili," alisema.

"Vipi?"

"Kiti kikivunjika naanguka. Nainuka, nakwenda kukalia pipa, nalo linabingirika, naanguka tena. Hilo litawachekesha kuliko maneno. Lakini Mama Kiazi asiulizwe kuhusu mwanawe. Aulizwe mengine. Aulizwe mapishi."

Bi Pam alimpima kwa macho, umri wake na mabega yake. "Mara mbili kila onyesho?"

"Kila onyesho."

"Nionyeshe," alisema Bi Pam.

Wakaingia kwenye ukumbi mtupu. Wahudumu walikuwa wakitandika meza. Brett alileta pipa. Estill alianguka kwenye kiti, akainuka, akaanguka kwenye pipa. Bi Pam akaomba aone tena, kuanguka kwa pili kuwe na mguu mmoja juu. Akaanguka tena mara zote mbili. Mmoja wa wahudumu alicheka, akiwa ameshika sahani tano.

"Sawa," alisema Bi Pam. "Imekwisha hiyo."

Hadi Jumamosi usiku alikuwa ameanguka mara kumi kwa malipo na mara nne bure.

Jumanne iliyofuata mkono wa kushoto haukupanda. Alipojaribu kushika shingo ya banjo, kiwiko kilifika usawa wa mbavu kikakataa. Alikuwa amemweleza Verlene yote safari hii, hata zile nyimbo nne, naye alimpaka dawa bega asubuhi na jioni bila kusema neno jema wala baya. Watoto watano walikuwa sebuleni. Mmoja wa wenye mafua alikuwa amepona.

Alijaribu mara ya pili. Josie, safari hii amekaa kiti cha jirani, aliacha kupiga akamwangalia.

Bi Orphia alisimama, akavuka sebule, akaitoa banjo mapajani mwa mwanawe kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala.

"Kaa hapo tu," alimwambia. "Leo nafundisha mimi."

"Bwana Estill ana nini?" aliuliza Josie.

Watoto wote waliinua vichwa. Wawili kati yao walishasikia habari za Kina Kiazi, ilionekana kwenye midomo yao. Bi Orphia alijivika mkanda wa banjo, akaurekebisha begani.

"Ameumia kazini," alisema.

Aliyasema kwa sauti ileile aliyotumia zamani kuwaambia majirani, siku walipomtoa mumewe mgodini mbavu zimevunjika. Katika bonde lile hakuna mtoto asiyejua maneno hayo yanavyopokelewa. Josie aliitikia kwa kichwa, taratibu, mikono juu ya banjo. Wale wawili wakakaa sawa. Mtoto wa mwisho, aliyekuwa karibu na mlango, akavua kofia.

Estill aliinamisha uso. Vicheko vya watu mia tatu alikuwa ameshavizoea. Lakini mtoto aliyemvulia kofia, huyo Estill hakuweza kumtazama.

"Haya, Josie," alisema Bi Orphia. "Tangu mwanzo, polepole. Na usikimbilie pale katikati."